Glasi Moja na Nusu

Mbele ya rafu ile nilisimama kama mtu aliyeitwa kituoni kumtambua mwizi. Chupa zilijipanga safu tatu, zote za mvinyo mweupe, zote zinanikodolea macho, nami tangu nizaliwe sijaonja hata tone la mojawapo. Nikapita mbele yao polepole. Ni wewe? Au wewe mwenye shingo ndefu? Hakuna aliyekiri.

"Mama, kutazama ni bure," alisema muuza duka kutoka nyuma ya kaunta, huku anapaka rangi ukucha wa kidole gumba. "Lakini ukizidi nusu saa nitakupa na ufagio."

"Nataka mvinyo mweupe wa kupikia kome."

"Wa kupikia?" Brashi ya rangi ikabaki hewani. Ungedhani nimeomba manukato ya kupigia deki. "Wenzio wanakunywa, wewe unachemsha?"

"Ndivyo nilivyoagizwa."

"Basi chukua wowote. Ukishaingia sufuriani nani atauuliza jina?"

Ningefurahi kumwamini. Lakini meneja wa hoteli, asubuhi ile kwenye simu, alikuwa amesema polepole kama anayemsomea mtu mashitaka yake: "Kesho saa tano uje utupikie kome kwa mvinyo mweupe. Mwenye hoteli atakula mwenyewe. Kila kitu nunua wewe, risiti tutalipa sisi. Tunataka kuona unachagua nini." Akakata. Mimi ni mpishi wa miaka kumi na miwili kwenye kantini ya kiwanda cha matofali, mahali ambapo mchuzi hupimwa kwa ndoo na anayelalamika huambiwa akale tofali. Kiwanda kilipofungwa niliandika barua za kuomba kazi mpaka kalamu ikaniomba likizo. Hoteli hii ndiyo pekee iliyojibu.

Sasa sikiliza. Kazi ningeweza kuikosa. Nimeshakosa nyingi, nimezoea, ni kama mvua, unajikung'uta unaendelea. Kilichonifanya nitokwe na jasho mbele ya rafu ile hakikuwa kazi. Alikuwa kaka yangu.

Kaka yangu anaitwa Kizibo. Ana jina lake la kuzaliwa, ila hata mama hadi anafariki alikuwa akimwita Kizibo. Alikuwa mhudumu wa meza kwenye hoteli kubwa, tena mhudumu wa mvinyo, mtu wa kufungua chupa bila mlio na kukwambia mvinyo umetoka kilima gani. Miaka kumi na tisa alifungua chupa za watu. Ile mitano ya mwisho alikuwa pia anazimaliza. Kazi ikaenda, mke akaenda na watoto, meno mawili yakaenda kwenye ngazi za benki. Mara mbili nilimfuata mtaroni na mkokoteni wa kukodi, na mara ya pili mwenye mkokoteni alinipa bei ya mteja wa kudumu.

Kisha akaacha. Sijui vizuri aliachaje. Alitetemeka siku tisa kwenye chumba changu cha nyuma, ya kumi akaomba uji. Tangu siku ile ilikuwa imepita miezi kumi na moja. Nyumbani kwangu hakuna chupa yoyote ya pombe, hata dawa ya kikohozi nasoma karatasi yake kwanza. Kizibuo chake nilikitupa chooni kwa mkono wangu. Na sasa mimi, mimi mwenyewe, nilikuwa nanunua chupa ya kwanza kuingia mlango ule.

Nikachukua iliyochorwa gamba la kome. Niliona huyu atakuwa ndugu yao. Tena ilikuwa imefungwa kwa kizibo, na kizibo bila kizibuo ni kama kufuli. Hilo likanipa moyo kidogo.

"Umechagua kwa picha," akasema muuza duka.

"Nawe umechagua rangi ya kucha kwa nini, kwa ladha?"

Akacheka, akanifungia kwenye gazeti.

*

Kaka alikuwa kwenye meza yake nje ya mlango, amezungukwa na mabegi ya watu. Siku hizi ni fundi wa zipu. Begi, koti, buti, chochote kilichogoma kufunga, yeye anakifungisha. Anasema kazi ni ileile, zamani alikuwa analipwa kufungua, sasa analipwa kufunga.

Tuna desturi yetu sisi wawili. Kila nirudipo, au yeye arudipo, namsogelea namwambia kola yake imekunjika, namnyooshea. Kola haijakunjika. Namnusa. Yeye anajua namnusa, nami najua kwamba anajua, na huinamisha shingo bila neno kama ng'ombe anayefungwa kamba. Siku ile alinukia gundi, nta ya uzi, na tangawizi anayotafuna kutwa nzima.

"Kola imenyooka?" akauliza.

"Imenyooka."

"Haya. Na humo mfukoni umebeba nini?"

"Vitunguu."

"Vitunguu vya siku hizi vina shingo?"

Nilikuwa nimepanga kuificha kwenye pipa la unga. Pipa lenyewe sikulifikia. Nikaketi kwenye kigoda cha wateja nikamweleza yote, meneja, kome, kesho saa tano, nikimaliza sentensi moja naianza nyingine kabla hajanijibu. Akasikiliza akiwa ameshika koleo. Nilipomaliza akaliweka chini, akanyoosha mkono.

"Lete niione."

"Kaka, si lazima."

"Lete, mdogo wangu. Siinywi kwa macho."

Nikampa. Akalifungua gazeti, na mikono yake ikafanya kitu ambacho yenyewe haikuambiwa. Ikailaza chupa juu ya kiganja, karatasi ya jina ikinielekea mimi, kama vile mimi ndiye mgeni wa meza namba saba. Akajiona. Akaigeuza haraka, akasoma mgongoni.

"Nusu tamu," akasema. "Nani kakuchagulia?"

"Ina picha ya kome."

Alicheka hadi akashika meza. "We mtoto! Kwa hiyo ukitaka maziwa utanunua rangi ya ukuta yenye picha ya ng'ombe?"

"Nifundishe basi, badala ya kunichekelea."

"Sikiliza. Mvinyo ukichemka, maji yanapaa, kileo kinapaa. Sukari haina nauli ya kwenda popote. Inabaki humo humo, inazidi. Na kome wana utamu wao, wana chumvi yao ya bahari. Ukiwamwagia huu, mwenye hoteli atadhani amepewa keki yenye mchanga." Akahesabu kwa vidole. "Unataka mkavu, usio na sukari. Mwepesi. Uwe bado mchanga, wa mwaka jana au mwaka juzi. Uwe na ukali wa kukufanya ukonyeze jicho, kama limau. Na usiwe umelazwa kwenye mapipa ya mbao, maana huo ukichemka unakuwa mchungu, kama unatafuna mlango."

Miezi kumi na moja sikumsikia akiongea hivyo. Uso ulimng'aa, mgongo ulinyooka, alikuwa mtu wa tai nyeusi tena. Nilifurahi, lakini katikati ya neno "limau" niliona koromeo lake limepanda likashuka. Alikuwa amemeza mate. Na yeye alijua nimeona. Akaisukuma chupa upande wangu wa meza, akaikalia mikono yake.

"Inaingia kiasi gani?" nikauliza, ili niseme kitu.

"Kwa kilo mbili? Glasi moja na nusu."

"Na inayobaki?"

Chupa moja ni glasi tano. Hata mimi wa kantini hesabu hiyo naiweza. Kaka akavuta begi la mteja, akaanza kuipandisha na kuishusha zipu ambayo ilikuwa imeshapona.

*

Ilibidi turudi dukani kubadilisha. Nilimwambia nitakwenda peke yangu, akasema nitarudi na chupa iliyochorwa kaa. Tukafikia mwafaka barabarani. Yeye asimame nje, mimi niingie, na dirisha la duka liwe katikati yetu.

Sijui kama umewahi kuchagua mvinyo kupitia kioo. Mimi ndani nainua chupa, kaka yangu nje ametia mikono mifukoni, pua inakaribia kugusa dirisha. Ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili, akaweka kiganja shavuni na kufumba macho, yaani hii imelala kwenye pipa. Ya tatu ilikuwa ya manjano kama mafuta ya kupikia, akanionesha kwa mkono niirudishe haraka kabla haijaniuma. Ya nne aliniashiria niigeuze, akasoma mgongo wake kwa muda mrefu midomo ikicheza, pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa mkono wa shati.

"Yule mgonjwa?" akauliza muuza duka.

"Ndiye mtaalamu wangu."

"Mbona haingii?"

"Ana mzio."

"Wa nini?"

"Wa duka lako."

Akamtazama kupitia kioo, akanitazama mimi, na nadhani akaelewa, kwa sababu aliacha kucha zake, akazunguka kaunta, akaanza kunipokonya zile zilizokataliwa na kunipa nyingine, haraka haraka, bila utani. Ya saba ikawa yenyewe. Nyembamba, nyeupe ya kuelekea kijani, ya mwaka jana. Kaka aliinua kidole gumba. Kisha akageuka akaondoka, hatua ndefu, hata hakunisubiri nilipe tofauti ya bei.

Nilipoipokea kwenye kaunta ndipo nilipoona shingo yake. Haikuwa na kizibo. Ilikuwa na kifuniko cha bati cha kuzungusha.

"Nyingine kama hii, yenye kizibo, huna?"

"Hii ndiyo rahisi, mama. Vidole viwili tu, krak, imefunguka."

Vidole viwili. Nikaipakata kifuani kama mtoto anayeumwa, nikamfuata kaka yangu.

*

Kuanzia hapo chupa ile haikuniacha wala sikuiacha. Ilikula nami chakula cha jioni, imejifunika kanga kwenye kiti cha tatu. Ililala miguuni pangu. Alfajiri tukaenda sokoni pamoja, nikawachagua kome mmoja mmoja, waliofunga midomo tu, huku chupa ndani ya mfuko wa begani inanigonga mbavu kunikumbusha ipo. Niliporudi nikaweka maji ya kuoga, nikachukua ndoo mkono huu, chupa mkono huu.

Kaka alikuwa mezani anakunywa chai.

"Unaoga nayo?"

"Ni... nataka ipate ubaridi."

"Kwa maji ya moto?"

Tukatazamana. Mvuke wa ndoo ukapanda katikati yetu.

"Iweke hapa," akasema taratibu, akagonga meza kwa kidole. "Uende ukaoge kama watu."

Ningesemaje? Ukimwambia mtu humwamini, umeshamsukuma nusu ya njia. Ukimwamini na ukakosea, utakodi mkokoteni. Nikaiweka mezani, jina likitazama mlango. Nikaenda kuoga, kama kule kunaweza kuitwa kuoga. Nilijimwagia kopo moja, nikatega sikio. Kopo jingine, nikatega sikio. Nikasikia krak. Kopo likaniponyoka. Kisha nikasikia krak nyingine, na nyingine, nikajiambia ni koleo lake kwenye meno ya zipu. Lakini ni fundi gani anayeanza kazi saa mbili asubuhi kabla hajamaliza chai? Nikatoka na povu sikioni.

Kaka alikuwa nje kwenye meza yake ya kazi. Ndani, chupa ilikuwa palepale. Ila jina lake sasa lilitazama ukuta.

Nikaiinua. Ilionekana imejaa, lakini mimi najua nini? Kwangu hata iliyopungukiwa vijiko viwili ingeonekana imejaa. Nikakitazama kifuniko. Sikuthubutu kukigusa, nisije nikakifungua mwenyewe kisha nikamlaumu mtu. Na sikumuuliza. Nikaitia mfukoni pamoja na kome, siagi, vitunguu saumu, krimu na mkate.

"Nitakusindikiza," akasema. "Nitakungoja getini."

Nilimnyooshea kola. Gundi, nta, tangawizi. Lakini tangawizi ilikuwa nyingi kuliko siku zote, au pua yangu ndiyo ilikuwa inatafuta kesi.

*

Jiko la hoteli lilikuwa jembamba na safi, vigae vyeupe, majiko manne, dirisha moja linaloangalia geti. Meneja alisimama karibu na sinki na daftari lake, kijana mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi inakata. Mwenye hoteli alikuwa bibi mnene wa miwani, akaingia, akanikagua mimi kwanza, kisha kome, kisha chupa. Chupa aliisoma mgongoni, palepale kaka alipopasoma.

"Nani kakufundisha kuchagua huu?"

"Kaka yangu, bibi. Alikuwa mhudumu wa mvinyo."

"Hm," akasema, akaenda kukaa kwenye meza ya mlangoni.

Nikawasugua kome, nikawang'oa ndevu, nikatupa watatu waliokataa kufunga nilipowagonga. Siagi ikayeyuka, vitunguu vikalainika. Sasa chupa. Nikashika kifuniko kwa vidole viwili, nikazungusha.

Krak.

Mlio mkavu, wa bati linalokatika kwa mara ya kwanza. Nilisimama na chupa mkononi, na aibu ikanipanda kutoka kwenye magoti. Hakuigusa. Kupitia dirisha nilimwona getini, amejiegemeza kwenye nguzo, anamwonesha mlinzi namna ya kurekebisha zipu ya koti. Nilitamani nipige kelele nimwombe radhi mbele ya mlinzi.

Nikamimina glasi moja na nusu. Mvuke ukapanda wenye harufu ya limau na majani, ikawa kama alivyosema. Nikaweka chupa pembeni.

"Kwa taarifa yako," alisema meneja bila kuinua macho kwenye daftari, "sisi hatuna leseni ya pombe. Chupa ikishafunguliwa isilale hapa. Iliyobaki utaondoka nayo."

"Si niimwage tu?"

"Mali iliyolipiwa na hoteli uimwage?" Sasa akainua macho. "Siku ya kwanza?"

Mwenye hoteli akasikia kutoka mezani, akapaza sauti, kwa wema wote wa mtu aliyeshiba maisha: "Mwache achukue! Nenda nayo, mwanangu. Kanywe na huyo kaka yako, amefanya kazi nzuri!"

Nikaitazama chupa. Glasi tatu na nusu. Haina tena krak ya kuniambia chochote. Kutoka getini hadi nyumbani ni mwendo wa dakika arobaini, yeye kando yangu, nayo mfukoni imefunguka, inachezacheza. Jana alimeza mate kwa neno "limau". Na kaka nitamwambia nini, kwamba leo hatuendi nyumbani mpaka nipate mtaro wa kuimwagia? Nilimwamini, jamani. Dakika mbili zilizopita nilikuwa karibu kulia kwa kumwamini. Lakini mkono wangu haukuwepo kwenye mazungumzo hayo. Mkono ulichukua chupa, ukaiinamisha juu ya sufuria, ukamimina glug glug glug mpaka tone la mwisho.

Meneja aliacha kuandika.

"Ndiyo mapishi yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mbu.

Sasa nilikuwa na bahari ndani ya sufuria na kome kilo mbili wanaongoja nje. Nikiwatia humo wataogelea. Nikapandisha moto hadi mwisho, nikakoroga, nikaomba. Mvinyo ukatokota, mvuke ukanifunika kichwa, nywele, gauni, ukaingia hadi kwenye viatu. Dakika kumi. Kumi na tano. Mwenye hoteli akagonga uma kwenye glasi yake ya maji. Nilipoonja, taya zilifunga zenyewe na jicho la kushoto likakonyeza bila ruhusa yangu. Maji yalikuwa yamepaa, sukari haikuwemo, lakini ule ukali nao haukuwa na nauli. Ulikuwa umebaki wote.

Nikatia siagi. Nikaonja. Nikatia krimu, nusu ya kopo, nikaonja, kisha kopo lote. Jicho likaacha kukonyeza. Nikawatia kome, mfuniko, nikahesabu dakika nne kwa kugonga kisigino. Nilipofunua wote walikuwa wameachama, kama umati uliosikia habari mbaya.

Mwenye hoteli alikula wa kwanza. Uso ukamkunjika. Nikatazama geti.

"Una ukali," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Umetia limau?"

"Hapana, bibi. Ni mvinyo."

"Wote?"

"Wote."

Akala wa pili. Akachana mkate, akauchovya, akaula, akauchovya tena. Sikuona kama amefurahi au ana njaa, maana nilikuwa nimemngojesha karibu nusu saa zaidi ya ahadi. Alimaliza mchuzi wa upande mmoja wa sahani, akafuta miwani.

"Aliyekuja kabla yako alinipa mtamu," akasema. "Nilimwambia arudi akauze pipi. Wewe umechagua vizuri ukapika kama kichaa. Chupa nzima kwa sahani moja! Ulikuwa unamkimbia nani?"

Nikaichukua chupa tupu. Nikaitia mfukoni.

"Njoo Jumatatu," akasema. "Mwezi mmoja wa kutazamwa. Na utapima kwa glasi."

*

Kaka aliniona natoka akaja mbio, kisha akajizuia akatembea.

"Vipi?"

"Jumatatu. Mwezi wa kutazamwa."

"Si nilikwambia!" Akanishika mabega, akanitikisa. Kisha, kwa utani, akainyoosha kola ya gauni langu kwa vidole viwili, akaniinamia kama ninavyomfanyia siku zote. Utani ukafia hapohapo. Niliona pua yake imefunguka. Akarudi nyuma hatua moja.

"Unanuka mvinyo, wewe," akasema polepole.

"Ni mvuke."

"Wa glasi moja na nusu?"

Nikatoa chupa tupu mfukoni. Aliitazama. Hakuna anayejua chupa tupu inasema nini kumzidi yeye. Mlinzi aliyekuwa anatuchekea akaona ni heri aende kuangalia upande mwingine wa geti.

"Uliniogopa," akasema.

"Nilikuogopa." Nikaona niongeze, "Ilikuwa haijafunguliwa. Nilisikia ilivyokatika. Na bado nikamimina. Nisamehe, kaka."

Alivuta kipande cha tangawizi mfukoni, akakitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu.

"Asubuhi niliigeuzia ukutani," akasema. "Ilikuwa inanitazama ninavyokunywa chai. Hilo nililiweza." Akatafuna tena. "Hapa getini, sasa. Tangu nisikie harufu inatoka dirishani, nimekuwa napanga maneno. Ukitoka nikwambie, mdogo wangu umechoka, lete huo mfuko nikubebee. Hayo tu. Nikubebee." Akanitazama. "Nilikuwa nimeshayapanga vizuri, hata sauti."

Nikaitia chupa kwenye pipa la taka la hoteli. Ikalia, sote wawili tukashtuka.

"Tangulia," nikamwambia, nikataka kumshika mkono.

"Usinisogelee!" Aliruka kama mtu aliyekanyaga moto, kisha akacheka mwenyewe, cheko la woga. "Gauni lako hilo ni baa inayotembea. Upepo unatoka wapi?"

Nikalamba kidole, nikakiinua. "Kulia."

"Basi mimi napita kulia."

Akavuka barabara. Hivyo ndivyo tulivyokwenda nyumbani, dakika arobaini, yeye upande ule, mimi upande huu, magari katikati, na kwa kuwa habari ilikuwa nyingi tukawa tunapigiana kelele. Alitaka kujua krimu niliingiza lini. Alitaka kujua bibi alisema nini hasa kuhusu chaguo. Nikamjibu, akaniambia rudia, nikarudia, umechagua vizuri, umechagua vizuri! Watu walisimama kututazama wakidhani ni mke na mume waliogombana. Kila kona, upepo ulipogeuka, alivuka kwenda upande mwingine, nami navuka kumpisha.

Tulipofika alikimbia akatangulia kufungua. Niliposogea mlangoni ndoo ya maji ilikuwa tayari kizingitini, na sabuni juu yake, na sauti yake inatoka chumba cha nyuma, mlango umefungwa.

"Oga! Na gauni ulifue leo leo, usiliache hapo!"

Nikainama kuchukua ndoo. Nikajinusa begani. Kweli, nilinuka. Nikaanza kulivua gauni kabla sijafika bafuni.